Takhmisi ya Sauti: Kuisikiliza Upya Albamu ya Pacific Ocean Blue

Utangulizi

Toleo jipya la kazi kongwe ni tendo la uhakiki, hata pale ambapo anayelitayarisha hajiiti mhakiki. Yeye ndiye anayeamua kipi kiingie na kipi kiachwe nje, kipi kitangulie na kipi kifuate, na ni wapi inapokomea kazi ya mtunzi na kuanzia kazi ya waliobaki nyuma. Wanafasihi wa Kiswahili tumelijua jambo hili kwa muda mrefu. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi hadi takriban mwaka 1840, zimetufikia kwa kupitia mikono ya Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor waliozikusanya mwishoni mwa karne ya 19, kisha mikono ya W. Hichens aliyezichapisha mwaka 1940, na baadaye mikono ya Mohamed Abdulaziz aliyezitolea kitabu chenye uchambuzi mwaka 1979. Kila mkono umeacha alama yake. Asomaye Muyaka leo huwasoma wote hao pamoja, apende asipende.

Hata hivyo, mjadala wetu kuhusu suala hili umeegemea mno upande wa maandishi. Hatujajiuliza vya kutosha toleo jipya la sauti humfanyia nini marehemu, na humfanyia nini msikilizaji. Nia ya insha hii ni kulidadisi swali hilo kwa kutumia mfano ulio mbali sana na mwambao wetu: albamu iitwayo Pacific Ocean Blue ya Mmarekani Dennis Wilson, iliyotolewa mwaka 1977 na kutolewa upya mwaka 2008. Sikuichagua kwa kuwa ina uhusiano wowote na Kiswahili, maana haina. Niliichagua kwa sababu ilinisaidia kukata shauri katika jambo la kitaaluma lililokuwa limenikalia mezani kwa miezi mingi, jambo ambalo nitalieleza mahali pake.

Mtunzi na kazi yake

Dennis Wilson alizaliwa California tarehe 4 Desemba 1944. Mwaka 1961 yeye na ndugu zake Brian na Carl, pamoja na binamu yao Mike Love na rafiki yao Al Jardine, waliunda kundi la Beach Boys. Nyimbo zao za mwanzo zilisifu ujana, magari, na mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Kinaya chake ni kwamba kati ya vijana hao waliolijengea jina lao juu ya mawimbi, Dennis peke yake ndiye aliyekuwa na mazoea ya kweli na mchezo huo. Brian alikuwa mtunzi. Dennis alipiga ngoma, akatazamwa zaidi kuliko kusikilizwa.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 alianza kutunga mwenyewe. Wimbo wake "Forever", uliomo katika albamu ya kundi ya mwaka 1970 iitwayo Sunflower, uliwaonyesha waliokuwa na masikio kwamba mpiga ngoma huyu alikuwa na la kusema. Agosti 1977 alitoa Pacific Ocean Blue, akawa wa kwanza katika kundi hilo kutoa albamu yake binafsi. Aliirekodi hasa katika studio ya kundi iliyokuwa Santa Monica, akishirikiana na rafiki yake Gregg Jakobson, na ikatolewa na Caribou, kampuni ya James William Guercio. Katika orodha ya mauzo ya Marekani haikupanda zaidi ya nafasi ya 96.

Albamu ya pili, iliyopewa jina la Bambu, ilianzwa lakini haikumalizwa. Studio iliuzwa mwaka 1978, na nyimbo mbili zilizokuwa za albamu hiyo zikachukuliwa na kundi kwa albamu yake ya mwaka 1979. Tarehe 28 Desemba 1983, baada ya kunywa pombe, Dennis alipiga mbizi katika bandari ya mashua ya Marina del Rey na kufa maji, akiwa na umri wa miaka 39. Alizikwa baharini. Kwa muda mrefu baada ya hapo albamu yake ilikuwa adimu, mpaka Juni 2008 ilipotolewa upya katika diski mbili: ya kwanza ikiwa na nyimbo 12 za mwaka 1977 pamoja na nyongeza, na ya pili ikiwa na mabaki ya Bambu. Ndugu yake Carl alifariki mwaka 1998, na Brian mwaka 2025. Sasa kazi yote ya ndugu hao watatu ni amana mikononi mwa wengine.

Neno dogo, sauti kubwa

Mhakiki aliyelelewa katika fasihi andishi akipewa maneno ya nyimbo hizi yakiwa yamechapwa karatasini, huenda akayaweka kando baada ya dakika kumi. Msamiati wake ni wa kawaida. Jazanda zake ni mto, upinde wa mvua, ndoto, mwanga wa mwezi. Mambo ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ameyatumia. Katika "River Song", unaofungua albamu, nafsi neni imeuchoka mji na inatamani maji yatiririkayo. Hakuna jipya katika dhamira hiyo, na ni wimbo mmoja tu, ule uliobeba karibu jina la albamu na ambao Mike Love alishiriki kuutunga, unaoigeukia hoja ya kijamii kwa kuwashutumu binadamu wanaowachinja nyangumi na wanyama wengine wa bahari.

Lakini tuusikilize huo "River Song" badala ya kuusoma. Unaanza kwa piano inayokimbia kama maji ya kilimani, kisha kwaya inaingia kwa kishindo, na katikati ya kwaya hiyo inatokea sauti moja iliyokwaruzika, nzito, iliyochoka. Ni sauti ya mtu wa miaka 32 ambayo ungeweza kudhani ni ya mtu wa miaka 60. Pombe, sigara na kukesha vimeifanyia kazi. Haiwezi tena kupanda kwa ulaini uliokuwa sifa ya kundi lake, nayo haijaribu kujificha. Kinachojitokeza ni ukinzani kati ya kwaya inayopaa na sauti isiyoweza kupaa, na ni ukinzani huo unaobeba dhamira. Tamaa ya kuondoka mjini haimo sana katika neno. Imo katika umbali uliopo kati ya kwaya na mwimbaji.

Mfano mwingine ni "Thoughts of You". Unaanza kwa piano na mnong'ono; maneno ni ya mtu anayekumbuka mapenzi. Halafu, pasipo dalili, wimbo unafunguka katikati na kuwa kitu cha kutisha, sauti zikirundikana kama wimbi linaloinuka, kisha unarudi katika utulivu wake wa awali kana kwamba hakuna lililotokea. Karatasi haiwezi kukueleza hayo. Katika toleo la 2008 umo pia upigaji wa piano pekee wenye kuuzungukazunguka wimbo huo, na kwa kuusikiliza nilitambua kwamba tufani ile ya katikati ilikuwa tayari vidoleni mwa mtunzi, hata pale pasipokuwa na neno lolote.

Hoja hii si ngeni kwetu. K. Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za utungaji cha mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi sharti liimbike. Mgogoro wa ushairi uliofuata katika miaka ya 1970, baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, ulipiganiwa zaidi kwenye uwanja wa vina na mizani, mambo yanayoonekana kwa jicho na kuhesabika kwa kidole. Suala la kuimbika, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililokuwa zito zaidi, lilisukumwa pembeni. Tunafundisha hadi leo namna ya kuhesabu mizani. Ni nadra tufundishe namna ya kusikiliza koo la anayeghani. Tukimsikiliza malenga mzee akiighani kazi yake, mkwaruzo wa sauti yake ni sehemu ya matini au ni kasoro ya chombo? Kuisikiliza albamu hii kumenielekeza kwenye jibu la kwanza.

Hatari ya kusoma kinyumenyume

Pana mtego, hata hivyo, unaomsubiri kila anayeifikia kazi hii kwa kupitia toleo jipya. Sisi tunajua mwisho wa mtunzi. Tunajua kwamba mtu aliyeiita albamu yake kwa jina la bahari alikufa katika maji ya bahari hiyohiyo na kuzikwa humo. Wahenga wetu wanayo methali inayoelekea kutoshea kabisa: mwana maji wa Kwale kufa maji mazoea. Kwa hiyo tunaposikia wimbo wa kumuaga rafiki tunasema alikuwa akijiaga mwenyewe. Tunaposikia wimbo wa mwisho, unaozungumzia kumalizika kwa onyesho, tunatikisa kichwa na kusema kwamba alijua.

Hakujua. Wimbo wa kuaga, "Farewell My Friend", ulitungwa kwa ajili ya mzee mmoja mahsusi, baba mkwe wa nduguye Carl, na wimbo wa mwisho ulikuwa na kazi ya kawaida ya kuifunga albamu. Mtunzi aliishi miaka sita zaidi, na sehemu ya miaka hiyo aliitumia kutayarisha albamu ya pili ambayo aliitarajia iipite ya kwanza. Usomaji unaoanzia kaburini na kurudi nyuma humpokonya mtunzi jambo moja la msingi: uhuru wake wa kutojua kesho. Humgeuza kuwa nabii ili sisi tupate faraja ya kuona kwamba mambo yote yalikuwa yamepangwa.

Nimeona usomaji wa aina hii ukiharibu tasnifu nzuri. Mwanafunzi huchukua shairi la mtu aliyefungwa na kulisoma kama utabiri wa kifungo, au shairi la mtu aliyekufa kijana akaligeuza wasia. Twapaswa kuwafundisha wanafunzi wetu kuisoma kila kazi wakiwa wamesimama siku ile ilipotungwa. Kwa msikilizaji wa 2008 na baadaye hilo ni gumu, kwa kuwa toleo lenyewe limefungashwa kama kumbukumbu ya marehemu. Kwa upande wangu nimejaribu kwa kuanza na wimbo uitwao "Rainbows", ambao umejaa furaha ya wazi, pasi na kivuli chochote. Mtu aliyeuimba wimbo huo hakuwa amekufa.

Wimbo usio na mwimbaji

Nafikia sasa jambo lililonifanya niandike insha hii. Katika rekodi za Dennis Wilson ulikuwamo wimbo mmoja uitwao "Holy Man" ambao ala zake zilikuwa zimekamilika, lakini haukuwa na sauti yake. Watayarishaji wa toleo la 2008 walikuwa na njia tatu mbele yao. Wangeuacha kabisa, wangeutoa kama ulivyo, ala tupu, au wangemtafuta mtu wa kuuimba. Walichagua njia mbili za mwisho kwa pamoja. Katika diski ya kwanza wameuweka wimbo ukiwa ala tupu. Katika diski ya pili, mwisho kabisa, wameuweka tena ukiwa umeimbwa na Taylor Hawkins, aliyekuwa mpiga ngoma wa kundi la Foo Fighters.

Hawkins aliimba kwa mapenzi. Sauti yake ina mkwaruzo ulio karibu na ule wa Dennis bila ya kumwigiza, na hapana shaka kwamba aliiheshimu kazi aliyokabidhiwa. Sina haja ya kumlaumu. Lakini lililonipata mimi msikilizaji ni hili: baada ya kuusikia wimbo ukiwa na sauti, sikuweza tena kuusikia ule usio na sauti kama nilivyousikia mara ya kwanza. Mwanzoni piano ile ilikuwa na nafasi iliyo wazi juu yake, kama kiti ambacho mwenyewe ametoka kidogo. Niliijaza nafasi hiyo kwa kuwaza, na kila mara niliijaza vingine. Baada ya Hawkins, kila nikiisikia piano hiyo sikio langu huleta maneno yake na lahani yake. Pengo limezibwa, na aliyezibwa hasa ni mimi.

Hawkins naye alifariki tarehe 25 Machi 2022. Mwaka 2008 tulikuwa na hai akimwimbia marehemu. Leo tunao marehemu wawili katika wimbo mmoja, na msikilizaji asiye na habari hawezi kujua ni nani alitangulia wala ni nani alimkamilisha mwenziwe. Hapa ndipo mpangilio wa toleo unapokuwa na uzito wa kimaadili. Laiti watayarishaji wangetoa ule ulioimbwa tu, pengo la awali lingepotea duniani. Kwa kuziweka nakala zote mbili, tena ya ala tupu ikitangulia na ya pili ikiwa na jina la mwimbaji, wametuachia njia ya kurudi, japokuwa sikio lenyewe halirudi kwa urahisi.

Daftari la mzee

Jambo lililokuwa mezani pangu ni hili. Familia moja ya mwambao iliniletea daftari la marehemu baba yao, mtu aliyekuwa akitunga kwa miaka mingi bila ya kuchapisha. Ndani yake mna utenzi wa beti zinazozidi 200. Hadi kufikia ubeti wa 140 hivi kila kitu kimetimia. Kuanzia hapo mzee alianza kuandika mshororo wa mwisho wa ubeti peke yake, ule unaobeba kina cha utenzi mzima, na kuiacha mitatu ya juu iwe mitupu, akikusudia bila shaka kuirudia. Hakuirudia.

Wanawe walitaka kitabu kitimie. Mkubwa wao aliniambia kwa upole ambao ulikuwa mgumu kuukataa: "Mwalimu, wewe wazijua bahari zake na vina vyake. Mmalizie baba." Nami, kusema kweli, ningeweza. Mizani minane, vina vitatu vya kati vinavyofanana, na cha mwisho tayari kimeandikwa. Yeyote aliyefundisha utenzi kwa miaka 15 anaweza kujaza beti kumi kabla ya adhuhuri. Wepesi huo ndio ulionitia shaka. Kanuni za fani zingeniruhusu kuzungumza kwa kinywa cha mzee pasi na mtu kunishika, na baada ya miaka 50 mwanafunzi fulani angekuja kuandika sura nzima juu ya falsafa ya mzee kwa kunukuu mishororo yangu.

Kwa upande mwingine, kuyachapisha mapengo matupu na kuwaambia wafiwa kwamba ndio usomi, nako kulikuwa na ukavu wake. Mila yetu haijapata kumwacha mtunzi peke yake na kifo chake. Katika majibizano shairi huomba jibu. Katika takhmisi, mshairi wa baadaye huuchukua ubeti wa aliyemtangulia na kuuongezea mishororo mitatu, hata ukawa wa mishororo mitano. Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, ndio mfano wetu mashuhuri. Jambo la kuzingatia ni kwamba takhmisi haifichi mshono. Anayejua utanzu huo anajua kwamba mishororo mitatu ya mwanzo ni ya mpokezi na miwili ya mwisho ni ya mwenye asili. Uzuri wake umo katika kuwasikia wawili, na kupima jinsi wa pili alivyojipinda ili kina chake kimfikie wa kwanza.

Nilipouweka "Holy Man" kando ya takhmisi, shauri lilikatika. Sauti ya Hawkins juu ya piano ya Dennis Wilson ni takhmisi, na inahalalika kwa sharti lilelile: jina la mpokezi liwe wazi na kazi ya asili ibaki ikipatikana peke yake. Niliwaendea wanawe marehemu na kuwapa pendekezo. Utenzi utachapishwa kama ulivyo daftarini, na kila mahali mzee alipoacha nafasi, nafasi ibaki kwa kipimo kilekile. Baada ya hapo, katika sehemu ya pili yenye anwani yake na jina lake, binti yake, ambaye naye ni mtunzi, ataichukua mishororo ile ya mwisho na kuijengea beti. Yule mkubwa alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama msomaji atakuwa na subira ya kuusoma ukurasa wenye nafasi tupu. Nilimjibu kwamba sijui, ila asiyepewa nafasi hiyo kwanza hatapata tena fursa ya kuwa nayo. Binti ndiye aliyeamua. Alisema kwamba hataki kuzungumza kwa sauti ya baba yake, anataka kumjibu.

Hitimisho

Tumeona mambo matatu. Kwanza, kwamba katika kazi inayoimbwa sauti ni sehemu ya matini, na mhakiki anayeishia kwenye maneno amesoma nusu. Pili, kwamba toleo jipya humvuta msikilizaji aisome kazi kwa kuanzia kifoni, na hapana budi avutane nalo. Tatu, kwamba kukamilisha kazi ya marehemu ni tendo lisilofutika katika sikio la anayeipokea, na kwa hiyo mpangilio wa kile kinachotangulia na kile kinachofuata si suala la usanifu wa kitabu au la diski tu, bali ni suala la haki. Idara zetu zina makabati yaliyojaa madaftari, na kaseti za malenga zilizorekodiwa miaka mingi iliyopita ambazo sasa zinaanza kuhamishiwa katika tarakilishi. Kila atakayezitoa upya atakutana na pengo mahali fulani. Inafaa tukubaliane mapema kwamba pengo litasikika kwanza, na mjazaji atakuja baadaye, kwa jina lake mwenyewe.